Tunajua yote kuhusu kinga, mbona tukifika chumbani tunanyamaza? (Uzi mrefu)

#1 Mshauri_Eastlands

Wadau, salamu kwenu nyote.

Kila mada ya Ukimwi, kisonono au P2 (kidonge cha dharura cha kuzuia mimba) ikizuka, wachangiaji wengi huishia pale pale: watu hawajui, waelimishwe. Nimechoka na jibu hilo kwa sababu si kweli. Nimefanya kazi ya ushauri nasaha kwenye vituo vya kupima upande wa Eastlands kwa miaka, na mtu mzima wa Nairobi asiyejua kondomu inazuia nini ni nadra kumpata. Wanajua PEP, dawa za kuzuia VVU unazoanza baada ya kujamiiana bila kinga. Wanajua kwamba kipimo cha leo hakioni cha juzi. Halafu mtu huyo huyo mwenye habari zote anaketi mbele yangu Jumatatu asubuhi akieleza yaliyotokea Jumamosi usiku, na hakuna hata moja kati ya anayoyajua lililomsaidia.

Ninachoamini ni hiki: katika dakika ile, mtu haamui kuhusu ugonjwa. Anaamua kuhusu mwenzake. Atanionaje nikiitoa mfukoni? Atadhani namshuku? Ataondoka? Virusi havimo kwenye hesabu hiyo kabisa. Ndiyo maana mabango ya kutisha hayasaidii sana. Yanaongeza hofu ya ugonjwa, na hofu inayoamua ni ya aibu na ya kuachwa.

Ushahidi mwingi umetoka hapa hapa kwetu. Kulikuwa na tafiti mbili zilizoenda karibu wakati mmoja, zote za PrEP, kidonge cha kila siku cha kuzuia VVU. Ule wa Partners PrEP ulichukua jozi zaidi ya 4,700 za wapenzi Kenya na Uganda, mmoja ana virusi na mwenzake hana. Nairobi, Thika, Kisumu na Eldoret zilikuwemo. Matokeo yalitoka 2011: kidonge chenye tenofovir na emtricitabine kilipunguza maambukizi kwa 75%. Ule wa FEM-PrEP ulichukua wanawake zaidi ya 2,100 wa Bondo, Tanzania na Afrika Kusini, wengi wao vijana, ukawapa kidonge hicho hicho. Ulisimamishwa Aprili 2011, maana waliopewa dawa na waliopewa kidonge kisicho na dawa waliambukizwa karibu sawasawa: 33 upande mmoja, 35 upande wa pili.

Dawa ni ile ile. Sasa sikilizeni. Wanawake wa FEM-PrEP walipoulizwa walisema wanameza karibu kila siku, 95% ya wakati. Damu yao ilipopimwa, walioonekana na dawa mwilini hawakufika 40%. Kwenye Partners PrEP, ambao hawakuambukizwa walionekana na dawa kwenye 82% ya sampuli zao.

Watafiti wametoa sababu kadhaa, na mojawapo ni kwamba wengi wa wale wanawake walijiona hawako hatarini. Nakubali. Lakini mimi naona zaidi ya hapo. Kwa zile jozi, siri ilikuwa imeshakwisha. Wote wawili walipimwa, kila mmoja anajua mwenzake ana nini, chupa inakaa mezani na mtu wa nyumbani anauliza, umemeza? Dada aliye peke yake na chupa ile ile inabidi aifiche. Vidonge vinagongana ndani ya mkoba kwenye matatu, na aliyekaa karibu anafikiri ni ARV, dawa za wenye VVU. Mpenzi akiikuta chini ya godoro, atauliza swali gani kwanza? Kumeza kukawa tendo la siri dhidi ya mtu unayempenda. Wangapi wetu wangeweza hilo kila siku, mwaka mzima?

Angalieni pia safari ya kondomu kwenye uhusiano wa kawaida hapa mjini. Wiki za kwanza ipo, wala hakuna anayebishana, kwa sababu hamjuani na kutojuana si tusi. Baada ya miezi kadhaa umelala kwake Umoja mara nyingi, umeshamsalimia dada yake kwa simu, una mswaki kule. Usiku mmoja zimeisha kwenye droo na hakuna anayeshuka kwenda dukani. Hakuna aliyesema neno. Kuanzia hapo, kuirudisha ni kutoa shutuma: ama umetoka nje, ama unamshuku yeye. Kwa hivyo hairudi. Uamuzi mzito kuliko yote kwenye uhusiano huo ulifanywa kimya kimya, wala hakuna aliyependekeza waende kupima kwanza. Ningekuwa na uwezo wa kubadilisha kitu kimoja tu katika mji huu, ningebadilisha usiku huo mmoja.

Na mbona wasiwasi wa mimba unashinda wa virusi? Kwa sababu mimba inaonekana. Mama ataiona, bosi ataiona, kanisa zima litaiona. VVU vinaweza kukaa miaka bila mwenye mwili kujua, na klamidia kwa wanawake wengi haina dalili yoyote. Kwa hivyo Jumapili asubuhi mtu anakimbilia P2, anameza, anapumua, anaona mambo yamekwisha. P2 ni levonorgestrel. Inafanya kazi hasa kwa kuchelewesha yai kutoka, ndiyo maana inatakiwa mapema, ndani ya saa 72. Haigusi kisonono, kaswende wala VVU. Na saa hizo 72 ndizo zile zile za kuanza PEP! Mtu huyo ana muda, ana miguu, na yuko tayari barabarani. Lakini P2 unapitisha pesa dirishani kwa kemisti bila maneno mengi, na PEP inakutaka uketi mbele ya mtu umweleze. Kinachomzuia ni yale maelezo.

Nataka kusikia kutoka kwenu, hasa mlio kwenye ndoa na mahusiano ya muda mrefu. Ni nini kilichowazuia kusema?

#2 Githurai_Kwetu

Madam heshima yako, umeongea vizuri, lakini umeruka pombe. Msee akishaingia kwa bia ya nne hana hesabu ya aibu wala ya kuachwa. Hana hesabu yoyote. Usitafute saikolojia kubwa mahali chupa imefanya kazi yake.

#3 Mshauri_Eastlands

Ndugu yangu Githurai, pombe ina nafasi kubwa, sikatai. Ila nimeona wengi wasiokunywa kabisa, walokole kwa Waislamu, wakiwa na hadithi ile ile. Hamu yenyewe inatosha kulevya. George Loewenstein, mtafiti wa Marekani, ameandika kwa miaka kuhusu pengo hili: mtu akiwa ametulia hawezi kubashiri vizuri atakavyoamua akishapandwa na hamu, hasira au njaa. Saa nane mchana, ukiwa kazini Industrial Area, unaapa. Saa sita usiku aliyeapa hayupo.

Ndiyo maana nawaambia watu wahamishe uamuzi uende mchana. Mtumie mtu ujumbe saa ya chakula: "Leo nakuja na kinga, sawa?" Mistari hiyo ni rahisi kuandika ukiwa na sahani ya githeri mbele yako kuliko kuitamka taa zikiwa zimezimwa. Akikasirika mchana, umejua kitu muhimu na bado una nguo.

#4 Mama_Utawala

Mshauri, asante kwa kuuliza. Mimi ni mama wa watoto wawili, niko kwenye ndoa mwaka wa kumi sasa. Bwana yangu ni dereva wa masafa, Mombasa hadi Malaba. Simshtaki kwa lolote. Lakini nilipomwambia tuanze kutumia mpira aliniuliza hivi: "Umelala na nani?" Nilinyamaza, na mpaka leo sijarudia. Kumwambia twende tukapime nimeogopa zaidi. Wewe unasema watu wanaogopa aibu. Mimi naogopa nyumba kuvunjika, na hao watoto nitawapeleka wapi?

#5 Mshauri_Eastlands

Mama, asante kwa kuandika. Ulichosema ni kizito kuliko aibu, na umenirekebisha vizuri. Mwanamke anayetegemea kodi ya nyumba kutoka kwa mume, akinyamaza, amepiga hesabu na ameipiga sawa. Haiwezekani kumwambia tu awe jasiri. Kinachotakiwa ni kumpunguzia gharama ya kusema.

Kisumu walijaribu jambo ambalo huwa nawasimulia akina mama wengi. Wanawake 600 waliokuwa kliniki ya wajawazito au wamejifungua karibuni waligawanywa mara mbili. Nusu walipewa barua ya kumwalika mume aende kituoni kupimwa. Nusu walipewa vipimo vya kujipima waende navyo nyumbani. Ndani ya miezi mitatu, waliopewa barua, karibu 52% ya wanaume wao walipima. Waliopewa vipimo, zaidi ya 90%. Matokeo yalichapishwa 2016.

Mke yule yule, mume yule yule, swali lile lile. Barua inamtaka mwanamume apange foleni aonekane na majirani, na nadhani inamfikia kama wito wa chifu. Kipimo kinafika na maneno mengine: "Kliniki wamenipa, kila mtu anapewa, tumalize leo watoto wakilala." Shutuma imepata mtu mwingine wa kuibeba, na huyo mtu ni kliniki. Tumia kliniki kama kisingizio, mama. Sisi hatuumii. Sema daktari amesisitiza, sema ulienda kupimwa saratani ya mlango wa kizazi (na kweli nenda, ni huduma ya wanawake wa kuanzia miaka 25) wakakupa vipimo viwili.

Jambo moja nalisema kwa uzito. Ikiwa kuna hata dalili kwamba atakupiga, usianze mazungumzo hayo peke yako nyumbani. Piga 1195, ni bure, ni ya watu wanaokumbana na ukatili wa kijinsia. Na PrEP unaweza kutumia bila yeye kujua, ni haki yako. Kwa wanaoogopa chupa kuonekana, tegeni sikio kuhusu sindano ya lenacapavir, inayodungwa kila miezi sita. Mwaka 2024 ulitoka utafiti wa Uganda na Afrika Kusini: kati ya wasichana na wanawake 2,134 waliodungwa, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Haina chupa wala mlio. Ukishafuata uzi huu mpaka hapa utaelewa kwa nini nimeifurahia kiasi hicho.

#6 Mzee_Kaloleni

Wanangu, nimesoma yote. Mimi ni wa kizazi kilichozika watu. Miaka ya tisini Kaloleni na Makongeni tulikuwa na matanga kila Ijumaa, mpaka Moi akatangaza janga la kitaifa mwaka 1999. Sasa nyinyi mnatafuta ujumbe wa simu, mnatafuta visingizio vya kliniki. Mtu na awe mwaminifu kwa mkewe. Mazungumzo yote haya yatakuwa hayana kazi.

#7 Mshauri_Eastlands

Shikamoo mzee wangu. Uaminifu wa wawili waliopimwa ni kinga kamili na sitaupinga hata siku moja. Shida ni kwamba uaminifu ni wa watu wawili, na kila mmoja ana hakika na wa kwake tu. Uchambuzi uliofanywa Kenya mwaka 2008 ulikadiria kwamba 44% ya maambukizi mapya ya watu wazima yalitokea ndani ya ndoa na mahusiano ya kudumu. Kati ya hao wamo waliokuwa waaminifu, mzee. Walikaa nyumbani.

Utakumbuka Machi 2013 lile tangazo la runinga la "Weka kondomu mpangoni". Mama wawili sokoni wanaongea, mmoja ana mpango wa kando, mwenzake anamshauri atumie kinga. Viongozi wa dini, Wakristo kwa Waislamu, walikuja juu, na tangazo likaondolewa. Nawaelewa kwa nini liliwauma. Lakini baada ya tangazo kuondoka, mipango ya kando haikuondoka nalo. Kilichoondoka ni nafasi adimu ya mtu mzima kuona watu wazima wenzake wakilizungumza jambo hilo bila kelele.

Na wewe uliyezika watu, huenda unawakumbuka akina mama wa Pumwani, Majengo. Kuanzia 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Manitoba, Kanada, walifanya kazi na wanawake waliokuwa wakiuza miili pale. Profesa Elizabeth Ngugi, muuguzi, alikaa nao kwenye mabaraza yao. Walipewa elimu kwa pamoja, na wengine ushauri wa mmoja mmoja, na matumizi ya kondomu yakapanda sana ndani ya muda mfupi. Nikiwaza kwa nini, narudi kwenye neno langu: mwanamke mmoja akimwambia mteja "bila mpira hapana", mteja anahamia mlango wa pili. Milango yote ikisema hivyo, hakuna anayepoteza. Wale hawakuwa na elimu kuliko wake wa Kaloleni. Walikuwa na wenzao.

#8 Mchambuzi_Kasarani

Mimi nimeona kitu kimoja kwenye takwimu zako. Wanawake wanasema 95%, damu inasema chini ya 40%. Yaani walidanganya watafiti. Sasa tutaamini utafiti gani?

#9 Mshauri_Eastlands

Kaka, tunaamini ule uliopima damu. Na tena kuna wa karibuni zaidi: Kisumu, wanawake 449 wenye miaka 18 hadi 30, walijaribiwa na doksisaiklini, kidonge cha antibiotiki unachomeza baada ya kujamiiana ili kuzuia kisonono, klamidia na kaswende. Ulichapishwa 2023 na haukuonyesha faida. Wenyewe waliripoti kuitumia vizuri sana, lakini sampuli za nywele 200 zilipochunguzwa, dawa ilipatikana kwenye 58 tu.

Neno "kudanganya" nalikataa, kwa wanawake na kwa wanaume pia, maana wanaume wangu huniambia mambo hayo hayo. Mtu anakaa mbele ya muuguzi mwema aliyemkaribisha vizuri, aliyempa nauli, anayeuliza kwa matumaini: umemeza? Kusema hapana ni kumvunja moyo. Anafanya kwa muuguzi kile kile anachofanya kwa mpenzi: analinda uso wa mwenzake na wake mwenyewe. Siku hizi siulizi "Unatumia kinga?" Nauliza, "Watu wengi huruka siku, kwako mara ya mwisho ilikuwaje?" Majibu yanabadilika papo hapo.

#10 Fundi_Kariobangi

Madam mimi nitasema ukweli wangu. Niko miaka 41 na sijawahi kupima hata mara moja. Bibi yangu alipimwa kliniki akiwa na mimba zote tatu na hana. Kama yeye hana, mimi nitakuwa nayo vipi? Pia nikiri kitu. Kabla ya ndoa nilikuwa na maisha, na pia si kabla ya ndoa peke yake. Kuna siku nilifanya hesabu nikaona hakuna vile nimeponea. Basi nikaamua kwamba kama ipo, ipo. Usiponiambia naishi tu vizuri.

#11 Mshauri_Eastlands

Kaka Fundi, asante. Umesema yale ambayo wanaume wengi wanaosoma hapa wanayawaza wakinyamaza.

Kwanza hilo la kupimwa kupitia bibi. Kipimo chake ni chake. Jozi zaidi ya 4,700 nilizotaja juu, zote zilikuwa mmoja ana, mwenzake hana, na wanalala kitanda kimoja. Yeye kutokuwa nayo hakuthibitishi lolote kukuhusu wewe, na wewe kutojua kunamweka yeye hatarini kila mwezi.

Pili, hiyo hesabu yako ya "hakuna vile nimeponea". Nataka wengi waisome hapa, kwa sababu naona imeumiza watu kuliko ujinga ulivyoumiza. Miaka mingi tumewatisha watu hadi wakaamini kwamba kulala mara moja na mwenye VVU ni kuambukizwa hakika. Si hivyo. Kwa wastani, kujamiiana kwa kawaida mara moja bila kinga na mwenye virusi asiye kwenye dawa, hatari kwa mwanamke ni takriban 8 kwa kila 10,000, na kwa mwanamume hupungua karibu nusu. Inapanda sana kukiwa na vidonda au magonjwa mengine ya zinaa, au mwenzako akiwa ameambukizwa juzi juzi, na ngono ya njia ya nyuma hatari yake ni kubwa mara nyingi zaidi. Na hizo mara moja moja zikirudiwa wiki kwa wiki zinajumlika. Siwaambii hivi mlegee. Nawaambia kwa sababu mtu anayeamini kosa moja lilishammaliza haoni tena sababu ya kinga. Anasema ipo, ipo. Hofu iliyokuzwa kupita kiasi inamvua mtu kinga sawasawa na dharau.

Tatu, "usiponiambia naishi". Nafikiri woga wako si mkubwa kama unavyouhisi. Kule Malawi, mtafiti Rebecca Thornton aliangalia watu waliokwisha kupimwa majumbani ambao walipaswa wafuate majibu yao siku nyingine. Wasiopewa kitu, 34% tu walienda. Waliopewa pesa kidogo, hata ya sehemu ya kumi ya kibarua cha siku, waliongezeka sana. Kama mtu angekuwa anaogopa majibu kwa roho yake yote, sarafu mbili tatu zisingemtoa nyumbani. Mara nyingi kinachotuzuia ni kitu chepesi: foleni, nauli, jirani aliyeketi kwenye benchi. Ndiyo maana kuna watu wa Kayole wanaopita vituo vyote vya karibu wakaenda kliniki ya Casino kule River Road, ambako hakuna anayemjua mama yao.

#12 Bado_Nipo

Fundi, kaka yangu, nisikilize mimi. Nina virusi tangu 2012. Nilijua nikiwa nimeshakonda, kwa sababu hiyo hiyo ya "ipo, ipo". Leo virusi vyangu havionekani kwenye kipimo, nina mke ambaye hana, na tuna mtoto ambaye hana. Nameza kidonge kimoja saa tatu usiku wakati wa habari.

Kilichonisumbua zaidi ni kumwambia mke, kabla hajawa mke. Ugonjwa ulikuwa mwepesi kuliko hilo. Nilijiandaa kwa maneno marefu, na mwishowe nilimwomba tu aje na mimi kwa mshauri. Mshauri ndiye aliyesema, mimi nikakaa pale.

#13 Mshauri_Eastlands

Bado_Nipo, Mungu akuweke. Nyongeza fupi kwa wanaosita kuamini: utafiti wa PARTNER wa Ulaya, matokeo yake ya 2016, ulihesabu takriban mara 58,000 za kujamiiana bila kondomu kati ya wapenzi ambao mmoja ana virusi vilivyofifishwa na dawa. Maambukizi yaliyotoka kwa mwenza huyo yalikuwa sifuri. Anayemeza ARV zake vizuri mpaka virusi havionekani hamwambukizi mpenzi wake VVU. Watu wangapi wanakataa kupima kwa sababu wanadhani jibu likiwa baya mapenzi na watoto vimekwisha? Habari hii ndiyo ingefaa kwenye mabango ya Thika Road.

Na kumwomba mtu wa tatu aseme kwa niaba yako ni jambo linaloruhusiwa kabisa. Washauri tunafanya hivyo karibu kila wiki. Majibu yako ni siri kwa sheria ya Kenya, ile ya 2006 ya kuzuia na kudhibiti VVU, na hatusemi neno usipoturuhusu.

#14 Mama_Utawala

Nimesoma hii ya kliniki kubeba lawama mara nyingi tangu jana. Nimechukua vipimo viwili. Anarudi Alhamisi. Nitasema ni daktari.

#15 Fundi_Kariobangi

Madam nimenunua kile kipimo cha kufuta ufizi. Bado kiko ndani ya boksi, nimekificha kwa toolbox. Nieleze kama mtu asiyejua kitu. Na nikiona mstari mmoja, nimemaliza?

#16 Mshauri_Eastlands

Hongera kaka. Usile wala kunywa chochote dakika 15 kabla. Pitisha kile kijiti mara moja kwenye ufizi wa juu na mara moja wa chini, kitumbukize kwenye maji yake, weka simu ikuhesabie dakika 20. Soma kati ya dakika 20 na 40. Ukichelewa zaidi usikiamini tena. Mstari mmoja kwenye C maana yake havijaonekana. Mistari miwili, hata wa pili ukiwa hafifu, si jibu la mwisho: unaenda kituoni kesho yake kupimwa kwa uhakika, na usianze kumwambia mtu yeyote kabla ya hapo. Mstari usipotokea kabisa kwenye C, kipimo kimeharibika, tafuta kingine.

Kuhusu kumaliza: kipimo hiki kinatafuta kingamwili, na mwili unaweza kuchukua hadi miezi mitatu kuzitengeneza. Kwa hivyo hesabu kutoka mara ya mwisho ulipokuwa na mtu bila kinga. Kama imepita miezi mitatu, mstari mmoja ni jibu lako. Kama haijafika, utarudia ikifika, na mpaka hapo tumia mpira na bibi. Kama ni ndani ya siku tatu zilizopita, acha kipimo kwenye toolbox, nenda hospitali sasa hivi uulize PEP. Mbagathi na Mama Lucy wanayo, unameza siku 28. Siku hizo tatu zinahesabiwa kutoka saa ya tendo.

#17 Fundi_Kariobangi

Ni miezi mitano. Sawa. Nafanya leo jioni, na bibi nimemwambia akae hapo.